Cheti cha Kijani: Jirani wa Lalago Naye Aulizwe

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Mwanhuzi, wilayani Meatu, hana budi kupita Lalago. Hapo ndipo barabara ya kutoka Maswa inapokutana na ile itokayo Kolandoto, na hapo ndipo madereva wa malori ya pamba na ya ng'ombe husimama kula, kulala na kuulizana habari za njia. Ni mji mdogo wa wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Katika msimu wa kuuza pamba mji huo huchangamka hadi usiku wa manane; msimu ukipita, hubaki vumbi, mbuzi na nyumba za kulala wageni zilizojipanga kando ya barabara zikingoja wapitao.

Mwandishi wa safu hii alilala katika mojawapo ya nyumba hizo. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitupokea kwa "Mwadila" ya Kisukuma, akatuonyesha chumba, kisha akatuonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda: "Mgeni, maji ni ndoo moja. Ukihitaji zaidi, omba." Ndoo yenyewe ilikuwa ya lita ishirini, nayo haikujaa. Tulioga, tukanawa, tukasafisha kinywa, na asubuhi maji yakawa yamesalia ya kunawa uso. Maji ya kuogea yalikuwa yameelekezwa kwa mfereji mdogo hadi kwenye mipapai iliyo nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemfundisha mama yule jambo hilo katika semina. Mto Simiyu na vijito vyake hukauka kila kiangazi, na aliyezaliwa huku anajua thamani ya tone.

Usiku ule tuliikumbuka kadi nyingine, iliyochapwa vizuri kwa Kiingereza, tuliyoikuta miaka kadhaa iliyopita juu ya kitanda cha hoteli moja kubwa ya watalii. Kadi ile ilimsihi mgeni aiokoe dunia kwa kutundika taulo lake ukutani badala ya kulitupa sakafuni, ili lisifuliwe kila siku. Nje ya dirisha, bomba la kumwagilia majani lilikuwa likizunguka tangu alfajiri. Hatuitaji hoteli hiyo, wala hapana haja, kwa kuwa zilizo kama hiyo ni nyingi ulimwenguni. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliandika makala juu ya kadi za namna hii, akatoa hoja kwamba zilikuwa zikimpunguzia mwenye hoteli gharama za dobi huku zikimvika joho la mhifadhi wa mazingira. Ndipo likazaliwa neno la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu twaweza kulifasiri kuwa ni kujipaka kijani.

Basi, kati ya nyumba hizi mbili, ipi ni rafiki wa mazingira? Mtu wa kawaida atajibu upesi. Lakini mtalii aliyeketi Hamburg au Chicago akichagua mahali pa kulala hawezi kuiona ndoo ya Lalago wala bomba la kumwagilia majani. Aonacho ni alama: jani, sayari, medali ya dhahabu. Alama hiyo huitwa cheti cha utalii endelevu, na ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu tunaamini kuwa itawagusa watu wa Maswa, Meatu na Bariadi mapema kuliko wanavyodhani.

Vyeti hivi si vya jana. Costa Rica ilianza kuwa na mpango wake wa taifa mwaka 1997. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mpango wao mwaka 2002 kupitia shirika la Ecotourism Kenya, nao wakaigawa heshima hiyo katika madaraja matatu: shaba, fedha na dhahabu. Mwenye hoteli hujaza maswali, wakaguzi humtembelea, kamati hukaa na kuamua, na cheti kikitolewa kina muda wake wa kwisha. Mwaka 2008 vikatangazwa vigezo vya dunia, ambavyo leo vinasimamiwa na Baraza la Utalii Endelevu la Dunia. Baraza hilo lenyewe halimpi mtu cheti. Kazi yake ni kuweka kipimo na kuidhinisha vyombo vitakavyokagua. Hapa kwetu Tanzania nyota za hoteli zina mahali pake katika Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, lakini kijani ni hiari. Nyota humwambia mgeni atakavyostareheshwa. Kijani hudai kumwambia gharama ya starehe hiyo inalipwa na nani.

Nasi tuna mfano wa kujivunia ndani ya Jamhuri ya Muungano. Kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, kilianza kujengwa kuwa hifadhi ya matumbawe katika miaka ya 1990, na mwamba wake ukatangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi mwaka 1994. Vibanda vyake ni saba tu. Kila kibanda huvuna mvua juu ya paa lake na kuihifadhi katika tangi lililo chini ya sakafu. Umeme ni wa jua. Choo hakitumii maji hata kidogo. Kinyesi hugeuzwa kuwa mboji. Maji yaliyooshea mikono hupita katika kitanda cha mimea kabla ya kuiona ardhi. Walinzi wa mwamba walitoka miongoni mwa wavuvi wenyewe, na watoto wa shule za Unguja huvushwa kwenda kuyaona matumbawe ambayo wengi wao, ingawa ni watoto wa pwani, hawajapata kuyaona. Mwaka 2000 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliitia Chumbe katika orodha yake ya heshima ya Mia Tano wa Dunia. Hapa hapana kadi ya taulo. Nyumba yenyewe ilijengwa kwa namna ambayo mgeni, hata akitaka, hawezi kufuja.

Lakini ng'ambo ya maji hayo hayo, katika Unguja yenyewe, hesabu nyingine ilifanywa. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Wachunguzi walikuta kaya moja ya kijijini ikitumia kwa wastani lita 93.2 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni kilitumia lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195. Msomaji wa Lalago na afanye hesabu kwa ndoo zake: ndoo mia moja na sitini kasoro kidogo, chumba kimoja, siku moja. Hoteli yenye kiu ya namna hiyo inaweza kabisa kutumia taa za jua, kutenganisha taka, kutundika taulo na kupata alama nzuri katika safu nyingi za karatasi ya mkaguzi, huku kisima cha jirani yake kikigeuka chumvi.

Hapa ndipo panapotukera. Vigezo vya dunia tulivyovitaja, tukivisoma kwa haki, havikumsahau jirani. Vimeandika wazi kwamba hoteli iajiri wenyeji, inunue kwao, na shughuli zake zisihatarishe upatikanaji wa chakula, maji, nishati na huduma za afya kwa jamii inayoizunguka. Maneno yamo. Swali letu ni jepesi: siku ya ukaguzi, nani anayeulizwa? Mkaguzi hufika hotelini, hupokelewa na meneja, huonyeshwa mita, stakabadhi, jalada la mafunzo ya wafanyakazi na picha za darasa lililopakwa rangi. Akiwa na bidii atazungumza na wapishi na wahudumu, ambao mshahara wao unatoka kwa meneja huyo huyo. Kisha huondoka. Yule mama achotaye maji mtoni chini ya hoteli hakukutana naye.

Pengine msomaji atatuuliza: mambo haya yaihusu nini Lalago, ambako hakuna hoteli ya kitalii hata moja? Swali ni la haki, na jibu lake limo barabarani.

Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ina uso na ina mgongo. Uso wake unaelekea Arusha. Huko ndiko wageni wanakoshukia kwenye ndege, huko ndiko ziliko kampuni, magari, mabenki na maduka ya vinyago. Mgongo wake unaelekea kwetu. Watu wa Meatu, Itilima na Bariadi wamepakana na hifadhi na Pori la Akiba la Maswa kwa vizazi, na wanachokijua zaidi kutoka huko ni tembo aingiaye shambani usiku na askari wa wanyamapori aingiaye kijijini mchana. Mapato ya uwindaji na ya jumuiya za hifadhi, kama ile ya Makao huko Meatu, yamefika katika baadhi ya vijiji. Lalago, iliyo nyuma yao, imeyasikia kwa jina.

Mwaka 2010 Serikali ilipotaka kujenga barabara kuu kupita kaskazini ya Serengeti, dunia nzima ilipiga kelele. Wahifadhi walisema nyumbu watakatwa njia, na wakapendekeza barabara izungushwe kusini ya hifadhi, ambako ndiko waliko watu wengi zaidi wanaohitaji barabara. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia barabara ya lami kupita ndani ya hifadhi. Njia hiyo ya kusini, tukiitazama katika ramani, ndiyo hii yetu: kutoka upande wa Karatu, kuvuka Mto Sibiti, kupita Meatu na kutokea Lalago. Daraja la Sibiti limekwisha jengwa. Mwaka 2023 Serikali ilitia sahihi mikataba ya barabara kadhaa, mmojawapo ukiwa wa njia ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago hadi Maswa. Kwamba lami haiji kwa kasi ya kalamu, hilo wananchi wa huku hawana haja ya kuambiwa. Ila siku itakapofika, mgongo wa Serengeti utageuka kuwa uso mwingine, na wenye mitaji watakuja kupima viwanja. Wakati wa kusema tunataka hoteli za namna gani ni sasa, kabla ya kisima cha kwanza kuchimbwa.

Wala hatusemi haya kwa chuki ya utalii. Mwaka 1970 kulikuwa na mjadala mkali nchini, ulioanzishwa na vijana wa TANU na kuendeshwa magazetini, juu ya iwapo utalii unapatana na ujamaa. Issa Shivji aliyakusanya maandishi yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wapo waliosema utalii utatufanya taifa la watumishi wa kubeba mizigo, na wapo waliosema fedha za kigeni hazina mbadala. Upande wa pili ndio ulioshinda kwa vitendo. Lakini swali la upande wa kwanza, yaani anayebaki na nini baada ya mgeni kuondoka, halikujibiwa. Lilifunikwa tu, na sasa linarudi likiwa limevaa nguo za kijani.

Jambo la kushangaza ni kwamba majibu mazuri yako hapa hapa, na kuyaona hakuhitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Wakulima wa Meatu wanajua cheti ni nini kuliko mameneja wengi wa hoteli. Tangu mwaka 1994 kampuni ya bioRe, iliyoanzishwa kwa ushirika na Waswisi, imekuwa ikinunua huko pamba hai, yaani pamba isiyopuliziwa dawa za viwandani wala kutiwa mbolea za chumvichumvi. Mkulima wa pamba hiyo huandikisha shamba lake. Huulizwa alipanda nini mwaka jana na jirani yake anapulizia nini. Pamba yake haichanganywi na nyingine ghalani. Akidanganya, hatiani haingii yeye peke yake. Akifuata masharti, hupata nyongeza juu ya bei ya soko.

Tunataka msomaji aangalie sana namna ukaguzi huo unavyowezekana. Mkulima mwenye ekari chache hawezi kumlipia mkaguzi nauli ya ndege kutoka Ulaya. Kwa hiyo wakulima hukaguliwa wakiwa kundi. Kundi lenyewe lina wakaguzi wake wa ndani, watu wanaozijua njia za mashamba, ambao humtembelea kila mwanachama na kuandika daftari. Mkaguzi wa nje, akija, husoma daftari hilo na kutembelea baadhi ya mashamba tu, aliyoyachagua yeye, ili kuona kama daftari linasema kweli. Likisema uongo, kundi zima hatarini. Hivyo kila mtu anakuwa mlinzi wa mwenzake, na gharama ya cheti hugawanyika hadi ikabebeka.

Kwa nini nyumba za wageni za Lalago, Mwanhuzi, Maswa na Bariadi zisikaguliwe kwa utaratibu huo? Leo vyeti vya dunia vimeandikwa kwa lugha za kigeni, ada zake hutozwa kwa fedha za kigeni, na maswali yake yanadhania kuwa kila hoteli ina ofisa wa mazingira, kompyuta na mita tatu za maji. Mama yetu wa ndoo moja hawezi kupita hata mlango wa kwanza. Si kwa sababu anaharibu mazingira kuliko wengine. Ni kwa sababu hana karatasi. Kundi la nyumba ishirini, lenye daftari moja la Kiswahili na wakaguzi wake wa ndani, lingepita.

Tusimpambe, hata hivyo. Asubuhi tulizunguka nyuma ya nyumba ile. Jikoni palikuwa na gunia la mkaa, na hatukuhitaji kuuliza umetoka wapi. Miti ya Simiyu si mingi kiasi cha kutupoteza. Taka zote, maganda, chupa za plastiki na betri za tochi, zilikuwa katika shimo moja, nazo huchomwa moto jioni. Choo kilikuwa karibu na kisima kuliko tulivyopenda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Mama yule habari hizo anazo. Tulipomgusia mkaa alicheka. "Gesi naitaka, baba," alisema. "Mtungi ukiisha siku ya mnada na wageni wamejaa, nitapikia nini? Mkaa uko mlangoni." Umaskini nao hujifanya kuwa kijani katika maji na mweusi katika mkaa. Cheti chenye maana kingeutambua ule wa kwanza na kumsaidia kuuacha ule wa pili, badala ya kumfungia nje kwa vyote viwili.

Na juu ya shahidi jirani, ambaye ndiye hoja yetu kubwa, Wasukuma hawahitaji kufundishwa. Ardhi hii iliwahi kuwa jangwa la kutengenezwa na binadamu. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye pamba na mifugo vikamaliza iliyosalia. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zote zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga, hadi Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012. Wataalamu walikuwa na busara ya kutoleta dawa mpya. Waliifufua ngitili, desturi ya kale ya kulitenga eneo la malisho lipumzike wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Hekta zilizokuwa zikihesabiwa kwa mamia mwanzoni mwa mradi zilipita laki tatu mradi ulipokwisha mwaka 2004, katika vijiji zaidi ya mia nane.

Ngitili haikulindwa kwa bango. Ililindwa kwa sababu kila mtu alijua mpaka wake, na aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alionekana. Aliitwa mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji, akasemwa, akatozwa faini, na sungusungu wakahakikisha amelipa. Aliyeshuhudia ndiye aliyeumia, na aliyeumia ndiye aliyehukumu. Linganisha na cheti cha hoteli, ambacho mshitakiwa ndiye anayemlipa hakimu nauli.

Tunapendekeza, basi, jambo moja linaloweza kufanyika bila kungoja lami. Halmashauri za Maswa, Meatu, Itilima na Bariadi, zinapompa mwekezaji wa hoteli kibali, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira linaposimamia ile tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya mwaka 2004, ziweke sharti kwamba hoteli yoyote itakayojitangaza kuwa ya kijani ipeleke kila mwaka hesabu zake tatu mbele ya mkutano mkuu wa kijiji inachopakana nacho: imechota maji kiasi gani na kutoka wapi, imenunua nini kwa wenyeji na kwa shilingi ngapi, na taka zake zimekwenda wapi. Hesabu zisomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kisha muhtasari wa mkutano, pamoja na malalamiko yaliyotolewa, uambatishwe kwenye maombi ya cheti. Mkaguzi wa nje ausome kabla ya kufika hotelini.

Wenye hoteli watasema huo ni mzigo. Twawajibu kwamba upepo wa dunia unavuma upande huo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo Na. 825, linalotakiwa kutumika tangu 27 Septemba 2026, ambalo linakataza kumwonyesha mnunuzi alama ya uendelevu isiyotokana na mpango wa vyeti unaokaguliwa na mtu asiye upande wowote, au isiyowekwa na mamlaka ya umma. Agizo hilo linataka pia masharti ya mpango wa cheti yatungwe kwa kushauriana na wataalamu na wadau, na mlango uwe wazi kwa kila mfanyabiashara awezaye kutimiza masharti. Ni kweli kwamba sheria hiyo ilitungwa kumlinda mnunuzi wa Ulaya, si mchota maji wa Simiyu. Lakini mpango wa cheti wenye muhtasari wa kijiji ndani yake utakuwa na nguvu mbele ya sheria hiyo kuliko ule wenye picha ya jani na saini ya meneja.

Tena iko faida ya wazi ambayo mkutano wa namna hiyo ungeifunua. Tuseme hoteli moja ya vyumba thelathini imejengwa huko Meatu. Itahitaji mayai, kuku, asali, dengu, choroko, mchele, alizeti, viazi. Vyote hivyo viko mnadani Lalago. Michembe na matobolwa, viazi vyetu vilivyokaushwa, vingeweza kumpa mgeni kifungua kinywa ambacho hatakikuta mahali pengine duniani. Itahitaji mashuka. Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa pamba, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, na mgeni atalala katika shuka lililofumwa maelfu ya kilomita kutoka shambani anakopita kwa gari. Kule Talek nchini Kenya, kambi ya Basecamp, yenye daraja la dhahabu, iliwapa wanawake wa Kimaasai karakana ya shanga na soko la kazi zao. Hatuoni kwa nini cherehani za Maswa zisishone mashuka, mapazia na vitambaa vya meza kwa pamba hai ya Meatu, yenye cheti chake tayari.

Viongozi wa mkoa wanajua pia kuwa maji ya Ziwa Victoria yameanza kutafutiwa njia ya kufika Simiyu, katika mpango uliokubaliwa na Mfuko wa Tabianchi wa Kijani mwaka 2017, wenye hatua ya kwanza katika Busega, Itilima na Bariadi, na Maswa na Meatu zikifuata. Fedha hizo zilitolewa kwa sababu watu wa mkoa huu wanateswa na ukame. Bomba likifika, ni vema iwe imekwisha andikwa mahali ni nani atakayekinga kwanza.

Asubuhi ya kuondoka tulimweleza mama mwenye nyumba mambo haya, kwa ufupi kuliko tulivyoyaandika hapa. Alisikiliza huku akikunja shuka. Wazo la kundi alilipenda, kwa kuwa kaka yake analima pamba hai na daftari lile analijua. Juu ya mkutano wa kijiji alisema watu watakuja, hasa ikiwa habari ni ya maji. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake.

"Huyo mkaguzi wenu, baba, akija kutukagua," alisema, "atalala hapa, au jioni atarudi Shinyanga?"